Njia ya Kwenda na Njia ya Kurudi

Fundi hakuifungua kompyuta yake. Aliomba boksi tupu la karatasi za printa, akalichana ubavu mmoja, akavuta kiti cha plastiki mbele ya kabati la chuma lenye mashine za mtandao, akaanza kuchora. Duara la kwanza akaliandika Changamwe, la pili Kisauni, la tatu Likoni. Halafu akayaunganisha. Mstari wa kwenda aliupiga kwa penseli. Wa kurudi hakuupitisha juu ya ule wa kwanza. Aliuchora kando, peke yake, kwa kalamu nyekundu. Nyuma yake alisimama mwanafunzi wake na waya mkononi, akingoja kuambiwa auchomeke wapi.

"Weka waya chini, mwanangu," fundi alisema bila kugeuka. "Kwanza niambie pakiti yarudi na njia gani."

Ilikuwa ofisi ya mawakala wa forodha, ghorofa ya pili, Changamwe, malori yakinguruma chini kuelekea bandarini. Kampuni hiyo ina tawi Kisauni na yadi Likoni, upande wa Mtongwe. Juma lile walikuwa wamefungiwa redio mbili, moja juu ya paa la Changamwe na nyingine kwenye mlingoti wa yadi, zikitazamana juu ya maji ili ofisi mbili zizungumze moja kwa moja. Tangu siku hiyo mambo yaliharibika kwa namna isiyoeleweka. Ukiwa Changamwe ukapiga pingi, yaani ukatuma pakiti ndogo ya kuuliza "upo?", mashine ya Likoni ilijibu papo hapo. Ukitaka kufungua faili lililo ndani ya mashine hiyohiyo, kiduara kilizunguka mpaka ukachoka wewe. Karani mmoja alilieleza tatizo vizuri kuliko ripoti yoyote: "Yaitikia salamu, lakini mazungumzo haitaki."

Nilikuwa pale kwa sababu niliomba ruhusa ya kutazama. Mchonga milango hufa, na mlango wake ukabaki ukisifiwa na wajukuu. Fundi wa fayawoli akifanya kazi yake sawasawa hakuna kinachobaki cha kutazamwa: watu huchapisha stakabadhi zao, hupiga simu zao, huenda nyumbani. Mimi naona ni haki ufundi wa namna hii nao upate mtu wa kuusimulia polepole.

Wako wanaoiita fayawoli "ngome". Sisi wa Mombasa twaijua ngome. Ile ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, bado imekaa pale mdomoni mwa bandari ya kale, na kuta zake zasema wazi zilikusudiwa nini. Fayawoli nayo huzuia, lakini ina kazi nyingine ambayo ngome haikuwahi kupewa: humwelekeza mpita njia. Kila pakiti ikifika huulizwa mambo mawili. Wenda wapi? Una ruhusa? Mtu asiyezoea hudhani ni swali moja. Ni mawili, na kila moja lina daftari lake. La kwanza hujibiwa na jedwali la njia, la pili na orodha ya sheria. Pakiti yaweza kuwa na ruhusa ya kufika mahali ambapo hakuna njia ya kufikia. Yaweza pia kuwa na njia nyeupe mbele yake, ikanyimwa ruhusa. Kwa karani yote mawili ni "mtandao hakuna". Fundi hutambua lipi ni lipi kama mganga atambuavyo homa mbili zenye joto moja.

Mwenyeji wa Mombasa tayari ana nusu ya elimu hii miguuni mwake. Kisiwa kina milango yake: Daraja la Nyali kwa aendaye Kisauni, Makupa kwa aendaye Changamwe, feri kwa aendaye Likoni. Mgeni akikusimamisha Mwembe Tayari akuulize njia ya Mtongwe, humchorei ramani ya pwani nzima. Wamwambia, "Shika gari la ferini, ukivuka uliza." Ndivyo ifanyavyo fayawoli. Haijui safari yote ya pakiti. Inajua mlango wa kutokea na jirani wa kumkabidhi, na jirani naye atajua mlango wake. Utaratibu huo uliandikwa Septemba 1981, ulipochapishwa waraka unaoeleza anwani za IP za tarakimu 32 za moja na sifuri, na pakiti zingali zinapokezanwa vivyo hivyo hadi leo.

Jedwali la njia la ofisi ile lilikuwa fupi. Mashine za Changamwe ni 10.20.1.0/24, za Kisauni 10.20.2.0/24, za Likoni 10.20.3.0/24. Hiyo slashi na nambari yake husema ni tarakimu ngapi za mwanzo zinazohesabika kuwa jina la mtaa. Zilizobaki ni jina la nyumba. Slashi 24 huacha tarakimu nane, nazo hutoa anwani 256. Mwisho wa jedwali kuna 0.0.0.0/0, mtaa usio na jina, ambao maana yake ni "kwingine kote duniani".

Sasa itazame pakiti iendayo 10.20.3.40, printa ya yadi ya Likoni. Inalingana na mistari miwili: ule wa Likoni na ule wa kwingine kote, kwa kuwa Likoni nayo imo duniani. Fayawoli itachagua upi? Utachaguliwa uliotaja kwa undani zaidi. Slashi 24 huishinda slashi 0, na kama kungekuwa na mstari wa slashi 32, unaoitaja printa ile peke yake, ungeishinda slashi 24. Haijalishi upi umeandikwa juu na upi chini. Barua iliyoandikwa "Kisauni" na iliyoandikwa "Kisauni, Bombolulu, nyumba ya tatu baada ya msikiti" mtu wa barua hazipeleki kwa uzito mmoja.

Orodha ya sheria husomwa kinyume cha hivyo. Fayawoli nyingi huanzia juu na kushuka, na sheria ya kwanza kulingana ndiyo hukumu. Zilizo chini hazisomwi tena. Kwa hiyo ndani ya kisanduku kimoja kuna madaftari mawili yenye desturi mbili za kusoma: moja hutazama undani, jingine hutazama mpangilio. Nimemwona mwanafunzi akihangaika asubuhi nzima akipandisha njia juu na kuishusha chini, akidhani mpangilio utaisaidia. Fundi alimwacha ahangaike. Saa sita alimuuliza swali moja tu, "Hilo daftari unalolisoma ni lipi?", kijana akashika kichwa akacheka. Somo kama hilo halisahauliki.

Njia zenyewe huingia kwenye jedwali kwa namna tatu. Iko ile ambayo fayawoli inaiona kwa macho, kwa sababu waya wa mtandao huo umechomekwa mlangoni mwake. Iko iliyoandikwa kwa mkono na fundi. Na iko iliyosikiwa kwa majirani, maana ruta huambiana habari za njia, kwa itifaki kama OSPF ndani ya kampuni na BGP kati ya kampuni na kampuni. Habari mbili za mtaa uleule zikigongana, kila chanzo kina alama ya kuaminika, na alama ndogo ndiyo bora. Katika mashine za Cisco, kilichochomekwa moja kwa moja kina 0, kilichoandikwa kwa mkono 1, kilichosikiwa kwa OSPF 110, kwa RIP, itifaki nyingine ya aina hiyo, 120. Ulichokiona mwenyewe kwanza, agizo la mwenye nyumba pili, na maneno ya jirani baadaye, kila jirani na daraja lake. Ni hekima ya kizee kabisa, imetiwa ndani ya mashine.

Uzuri mkubwa wa kazi hii, kwangu mimi, umo katika mpangilio wa hatua. Pakiti mpya ikiingia, katika fayawoli zilizojengwa juu ya Linux, ambayo tangu toleo la 2.4 la Januari 2001 ina ndani yake mfumo wa netfilter ulioanzishwa na Rusty Russell wa Australia, hatua ni hizi. Kwanza hutazamwa kama pakiti ni ya mazungumzo ambayo tayari yanaendelea. Kama ni ngeni, hutazamwa kama anwani yake ya mwendo, yaani ya inakokwenda, inahitaji kubadilishwa: huenda imetoka nje ikiitafuta anwani ya hadharani ya kampuni, ilhali mashine inayotakiwa iko ndani na ina anwani ya ndani. Hubadilishwa hapo. Ndipo jedwali la njia lifunguliwe. Ndipo zisomwe sheria. Na mwisho kabisa, pakiti ikiwa mlangoni inatoka, hubadilishwa anwani ya mtumaji, ivae ya hadharani.

Kwa nini anwani ya mwendo ibadilishwe kabla ya kuchagua njia, na ya mtumaji baada? Fundi alimuuliza kijana swali hilo, nami nikajikuta nalifikiri. Huwezi kumchagulia mtu njia kabla hujajua hasa anakokwenda. Basi jina la kweli la mwisho wa safari lazima lijulikane mwanzo. Na huwezi kumvika mtu nguo ya kutokea kabla hujajua atatokea mlango gani, kwa sababu kila mlango una mtoa huduma wake na anwani yake. Ukishaielewa sababu, hatua zote hukaa kichwani zenyewe. Watengenezaji wengine wana mpangilio wao. Zipo mashine, kama ASA za Cisco, ambazo kumbukumbu ya ubadilishaji wa anwani yaweza kuamua mlango wa kutokea kabla jedwali la njia halijaulizwa. Kwa hiyo fundi akikabidhiwa mashine asiyoizoea hatafuti vitufe kwanza. Hutafuta hatua zake: hii huuliza nini, na huuliza lini?

Ofisi ile ina laini mbili za intaneti, faiba na ya hewani. Faiba imeandikwa kwa alama 1, ya hewani kwa alama 10, mtaa mmoja: 0.0.0.0/0. Maadamu faiba iko hai, mstari wa pili umelala. Ikifa, wa pili huamka. Kuandika mistari hiyo ni kazi ya dakika moja. Ufundi uko katika kujua faiba imekufa lini. Kile kisanduku cha mtoa huduma kilicho ukutani huendelea kuwaka taa hata waya ukikatwa na wachimba barabara kilomita mbili mbele. Fayawoli ikimuuliza jirani huyo, ataitikia kuwa yuko, na pakiti zitaendelea kutumwa shimoni. "Kufika ferini si kuvuka," fundi alisema. Basi yeye huifunza fayawoli kuuliza hali ya mashine iliyo mbali, ng'ambo ya mtoa huduma, tena mbili tofauti, na kutoamua mpaka zote mbili zinyamaze.

Mji huu unajua thamani ya njia ya pili. Pwani hii ndiko kebo za baharini zilikoiletea Kenya intaneti ya kasi: TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah mwaka 2009, SEACOM ikaanza kazi Julai mwaka huohuo, EASSy ikafuata 2010. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa, na nanga ikaikata TEAMS. Aliyekuwa na njia nyingine alihamia. Aliyetegemea moja alingoja mafundi wa baharini. Kisanduku kile cha Changamwe hakichagui kebo ya baharini, hiyo ni kazi ya ruta kubwa za watoa huduma. Lakini hekima ni moja kuanzia chini ya bahari hadi kabati la ghorofa ya pili.

Kuna jambo la simu alilonionyesha, dogo mno, ambalo hunifanya niwaheshimu mafundi hawa kila nikilikumbuka. Faiba ikikatika na laini ya hewani ikachukua, kurasa za wavuti hufunguka tena, lakini simu za mezani zinazopita kwenye intaneti zaweza kukaa bubu hata saa nzima. Sababu iko kwenye daftari la tatu, la mazungumzo, ambamo fayawoli huandika yale yanayoendelea. Simu hutuma ujumbe mdogo kila baada ya sekunde chache kusema ingali hai, na kwa sababu haikomi kutuma, mstari wake kwenye daftari haufutiki. Na mstari huo bado unaikumbuka anwani ya faiba. Pakiti hutoka kwa laini mpya zikiwa zimevaa nguo ya laini ya zamani, na huko mbele hukataliwa. Asiyejua huzima mashine yote na kuiwasha, na kila mtu ofisini akakatika. Fundi hufungua daftari, hutafuta mistari ya simu peke yake, huifuta, hufunga daftari. Simu hulia. Mikono yake haikugusa kitu kingine.

Turudi kwenye boksi la karatasi na mistari yake miwili.

Fayawoli za kwanza zilipima kila pakiti peke yake, kama bawabu asiyekumbuka nyuso. Mwaka 1994 kampuni ya Check Point ya Israeli ilitoa FireWall-1, iliyokumbuka mazungumzo: pakiti ya kwanza ikisharuhusiwa, zinazofuata na majibu yake hupita kwa kuwa zinajulikana. Leo karibu kila fayawoli hufanya hivyo. Na kwa pwani hii hakuna haja ya mfano wa mbali kueleza kinachokumbukwa. Mashine mbili zikitaka kuzungumza kwa TCP, hubishiana hodi kwanza. Ya kwanza hubisha: hodi. Ya pili hujibu: karibu. Ya kwanza husema: nishakaribia. Pakiti tatu, kwa mpangilio huo, ndipo mazungumzo huanza. Fayawoli iliyo kati husikiliza zote tatu. Ikisikia "nishakaribia" ya mtu ambaye haikumsikia akikaribishwa, humzuia, na ina haki: nani aliyekukaribisha?

Pingi haina adabu hizo. Ni salamu na kuitikia, basi. Kila salamu husimama peke yake. Ukishajua hivyo, maneno ya karani yamelifumbua tatizo nusu. Kinachoitikia salamu na kukataa mazungumzo, hodi yake imepotea mahali. Na hodi hupotea pale ambapo njia ya kwenda si njia ya kurudi.

Fundi alimwekea kijana kidole kwenye mstari wa penseli. Kompyuta ya Changamwe, 10.20.1.25, inataka faili la Likoni. Haijui Likoni iko wapi, kwa hiyo inaikabidhi fayawoli, 10.20.1.1. Fayawoli inafungua jedwali, inaona 10.20.3.0/24 iko kwa ruta ya Likoni, ambayo kwa upande wa redio imepewa anwani 10.20.1.2. Waya wa redio ulikuwa umechomekwa kwenye swichi ileile ya kompyuta. Pakiti inageuka, inatokea mlango uleule ulioingilia, inapita swichi, inapanda paa, inavuka maji. Hodi imefika.

Kisha kidole kikahamia mstari mwekundu. Ruta ya Likoni inapokea "karibu" ya kuirudisha kwa 10.20.1.25. Inafungua jedwali lake. Yenyewe ina anwani ya 10.20.1.2, kwa hiyo mtaa wa 10.20.1.0/24 inauona kwa macho. Imo ndani yake. Ya nini kumpitia fayawoli? Inavuka maji na kuikabidhi kompyuta moja kwa moja kupitia swichi. Kompyuta imekaribishwa, inafurahi, inatuma "nishakaribia" kwa njia yake ya kawaida, kwa fayawoli. Na fayawoli, iliyosikia hodi na haikusikia karibu, inaitupa.

Kijana alitazama mistari ile kwa muda. Mmoja ulipita kwenye kisanduku, mwingine ulikipita kando. "Kumbe hakuna kilichoharibika," akasema.

"Hakuna. Kila mmoja amefanya alivyoambiwa."

Dawa za haraka zilikuwepo mbili, na kijana alizitaja zote. Waweza kuiambia fayawoli isijali hodi. Fundi alikataa, huko ni kumfunga bawabu macho kwa sababu mgeni mmoja alipitia uani. Waweza kuiandikia kila kompyuta njia yake ya Likoni. Alikataa pia, leo ziko kumi na mbili, kesho ataajiriwa mtu mpya, na yule atakayeisimika kompyuta yake hatajua habari hii. Dawa ya kweli ilikuwa kuipa redio mlango wake. Fayawoli ilikuwa na tundu la tatu, tupu, lenye vumbi.

Hapo ndipo nilipoona subira ya kazi hii. Ruta iliyotakiwa kubadilishwa iko Likoni, ng'ambo ya maji, na njia pekee ya kuifikia ni ileile unayotaka kuikata. Ukikosea hatua moja, wapanda feri, au wazunguka Dongo Kundu, na ngazi mgongoni. Kwa hiyo alianza upande wa mbali. Akaingia kwenye ruta ya Likoni, akaiongezea anwani ya pili, 10.20.255.2/30, bila kuiondoa ya kwanza. Slashi 30 ni kijimtaa cha anwani nne ambazo mbili tu hutumika: nyumba mbili zinazotazamana, zinatosha. Kisha akaiandikia njia ya kurudi: kila kiendacho 10.20.0.0/16 kipitie 10.20.255.1. Alipomaliza kijana akauliza mbona hakuna kilichobadilika.

"Soma mwenyewe."

Kijana akasoma, midomo ikicheza. Mtaa wa 10.20.1.0/24 bado unaonekana kwa macho, na ni wa undani kuliko slashi 16. Njia mpya imo jedwalini, imekaa kimya, inangoja zamu yake. Tabasamu lililokuja usoni mwa kijana yule lilikuwa la mtu aliyeiona elimu ya asubuhi ikifanya kazi mchana.

Ndipo fundi alipotoa neno: chukua waya. Ukatoka kwenye swichi, ukaingia tundu la tatu. Fayawoli ikapewa 10.20.255.1 kwenye mlango huo, na mstari wake wa Likoni ukageuzwa uelekee 10.20.255.2. Kutoka kwenye fayawoli yenyewe, nyumba ya jirani, akaingia tena ruta ya Likoni. Ruta ile ni MikroTik, ya kampuni ya Latvia, na ina hali ya usalama ambayo, ukikatika katikati ya kazi, mashine hurudisha yenyewe kila ulichobadilisha. Aliiwasha kwanza. Kisha akafuta anwani ya zamani, 10.20.1.2, na slashi 24 ikatoweka pamoja nayo. Njia iliyokuwa imelala ikaamka.

Hakusherehekea. Aliandika sheria: kutoka mlango wa ofisi kwenda mlango wa redio, ruhusa ni ya faili na printa tu. Zamani trafiki ile ilizunguka mlango mmoja, na nusu yake haikupita kwa bawabu kabisa. Sasa kila kitu chavuka kutoka mlango hadi mlango, kwenda na kurudi, na chaweza kuulizwa. Akaongeza ukaguzi mmoja zaidi: pakiti ikiingia mlango wa redio ikidai inatoka Kisauni, itupwe, kwa sababu Kisauni haiji kwa mlango huo. Anayeshuka Daraja la Nyali akisema anatoka Likoni ana la kujieleza. Ushauri wa kuwazuia watumaji wenye anwani za uongo ulikwisha kuandikwa rasmi kwa ajili ya watoa huduma wa dunia tangu Mei 2000, naye huutimiza katika kabati la ghorofa ya pili kwa uaminifu uleule.

Karani akapiga simu yadi. "Dada, nakutumia karatasi, itazame printa." Sote tukanyamaza. Kwenye simu ilisikika kwanza sauti ya mashine ikijinyoosha, kisha karatasi ikivutwa, kisha dada wa Likoni akisema, "Imetoka. Yaja nyingine?" Karani akageukia kiti chake, akaendelea na kazi yake kama aliyewashiwa taa.

Nilidhani fundi ataondoka. Aliketi tena. Alilichukua lile boksi, akakikata kipande chenye mchoro kwa wembe, pembe nne zikawa sawa. Mstari mwekundu wa zamani, uliokipita kisanduku kando, akaupiga mkato mara mbili. Akachora mpya, sambamba na ule wa penseli, hatua kwa hatua, ukipita kwenye fayawoli. Akaandika anwani zote, tarehe, na neno moja juu ya tundu la tatu: Likoni. Kisha akakibandika kipande hicho ndani ya mlango wa kabati, kwa gundi, kwenye kimo cha macho ya mtu aliyesimama.

Kijana alimuuliza ni cha nani, maana wao wawili tayari wanajua.

"Cha atakayekuja usiku, hanijui wala simjui, na mtandao umekufa," alisema. "Asianze kwa kuchomoa waya."

Akafunga kabati polepole, akasikiliza kitasa kikilia, akachukua mkoba wake.